Daftari la Mraba

Januari mosi, mwandishi wa safu hii aliamua kujirekebisha. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka juzi aliapa kukimbia kila alfajiri. Akakimbia siku mbili, ya tatu akakimbizwa na mbwa, na tangu hapo mbwa ndiye anayeendelea na mazoezi.

Safari hii akaona aazime mbinu ya mtu mzima: Benjamin Franklin, mzaliwa wa Boston mwaka 1706, mchapaji wa Philadelphia ambaye baadaye alijitosa kwenye mambo ya radi na umeme. Katika kitabu cha maisha yake, Franklin anasimulia alivyopania, akiwa bado kijana, kufikia ukamilifu wa tabia. Hakutaka nafuu tu. Alitaka ukamilifu! Akaorodhesha tabia njema 13, kuanzia kiasi katika kula na kunywa hadi unyenyekevu. Huo wa mwisho hakuuwaza mwenyewe. Rafiki yake wa madhehebu ya Quaker ndiye aliyemweleza kwamba watu wanamwona ana majivuno. Kila tabia aliipa ukurasa, akachora kwa wino mwekundu safu saba za siku za wiki, na kila alipoteleza akatia nukta nyeusi. Wiki moja aliikazania tabia moja, kwa hiyo mwaka ulimpa mizunguko minne kamili. Mtu aliyepata alama za chini za hesabu maisha yake yote hawezi kuona 13 mara 4 inatoa 52 akabaki salama.

Kilichokosekana ni daftari. Kwenye meza ya sebuleni palikuwa na moja jipya, la mraba, limepigwa kava la kaki, halina jina. Miraba yenyewe ilikuwa tayari kama imechorwa kwa ajili yake. Akalichukua.

Wiki ya Kiasi haina haja ya kusimuliwa. Palikuwa na pilau.

Wiki ya pili ilikuwa ya Ukimya. Franklin alijikataza kusema lolote lisilomfaa yeye wala mwenzake, na mwandishi akaipokea amri hiyo kwa mikono miwili, kwa kuwa nyumbani hulalamikiwa kwamba anaongea kama redio ya kinyozi. Jumanne jioni alipanda daladala la Segerea, akapata siti ya dirishani, akatulia kama sanamu. Likafika karibu na kituo chake, Bima. Konda akagonga bati: "Bima wapo?" Kimya. Mwandishi akamtazama konda usoni, kwa heshima zote, akisubiri aeleweke. "Bima hakuna, twende!" Gari likapita. Alishukia mwisho wa gari, akavuka barabara, akalipa nauli nyingine ya kurudi. Ila ukurasani, siku ile ndiyo pekee isiyokuwa na nukta hata moja.

Wiki hiyohiyo mama watoto alimuuliza, "Baba, hujaliona daftari la hesabu la mtoto? Anaandikia nyuma ya la Kiswahili, mwalimu anamgombeza." Mwandishi akatikisa kichwa. Ukimya ulikuwa bado unaendelea, na kwa kweli aliyekuwa akimfikiria ni Franklin.

Ikaja wiki ya tatu, Utaratibu: kila kitu mahali pake, kila kazi wakati wake. Hapa Franklin mwenyewe alishindwa, na hakuficha. Anasema alizoea kutegemea kumbukumbu yake nzuri, basi hakuona hasara ya kuviacha vitu ovyo. Akajifananisha na mtu aliyenunua shoka kwa mhunzi akataka bapa lote ling'ae kama makali. Mhunzi akakubali kulinoa, mradi mteja azungushe gurudumu la jiwe. Jamaa akazungusha, akazungusha, kila mara akija kuchungulia kazi imefika wapi, mwishowe akasema atalichukua vivyo hivyo. Mhunzi akamhimiza aendelee, bado lina madoadoa. Mteja akajibu kwamba, ukweli, shoka la madoadoa ndilo analolipenda zaidi. Mwandishi alikisoma kisa hicho mara mbili, akafarijika kuliko ilivyokusudiwa.

Hata hivyo alijitahidi. Siku moja ya wiki hiyo alinunua umeme wa LUKU, na badala ya kuziacha namba zipotee kwenye simu katikati ya matangazo ya bahati nasibu, alizinakili vizuri kwenye daftari, tarakimu zote 20, nne nne, kila tarakimu kwenye mraba wake. Kisha akaufuta ujumbe. Simu safi, akili safi.

Kesho yake saa mbili usiku mita ikalia, taa zikazimika, pasi ikiwa juu ya sketi ya shule. "Ingiza umeme basi," ilisema sauti ya mama watoto gizani. Mwandishi akapapasa mezani. Akapapasa juu ya kabati. Akapapasa chini ya godoro, akakutana na soksi iliyopotea tangu Eid. Mfukoni namo, kwa jinsi Januari ilivyo, hamkuwa na hela ya kununua mwingine.

"Baba, unatafuta nini?" aliuliza binti, wa darasa la tatu.

"Daftari. Lina kava la kaki."

"Langu la hesabu? Nililiona asubuhi kwenye meza yako. Nimeshalikusanya kwa mwalimu."

Walilala na mshumaa. Sketi ilikwenda shule na mikunjo yake, na wimbo wa kumshukuru Franklin kwa kazi yake juu ya umeme haukuimbwa.

Daftari lilirudi jioni. Mwalimu mwenye rundo la madaftari hana muda wa kujiuliza kwa nini mtoto wa miaka minane ana ukurasa wa Kiasi wenye nukta saba, Jumatatu mpaka Jumapili. Alikuwa ameandika chini yake, kwa wino mwekundu: "Fanya masahihisho." Kurasa mbili mbele, pembeni ya zile tarakimu 20, palikuwa na alama kubwa ya kosa, na maneno mawili: "Onyesha njia."