Bei si Siri ya Taifa: Mwongozo wa Kuuza Vifaa vya Umeme Mtandaoni Kitui na Makueni

Ndengu zikishavunwa na kuuzwa, makundi ya WhatsApp ya Kitui na Makueni hugeuka soko. Mwingi wanatangaza friji, Wote wanatangaza simu, Kibwezi wanatangaza spika yenye taa za rangi saba, na Mutomo hakosekani kijana mwenye chaja "original kabisa" kwa shilingi 150. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 katika kaunti hizi mbili, na wengi wao wanaishi mbali na duka lolote kubwa la vifaa vya umeme. Kwa susu, yaani nyanya, wa Zombe au mwalimu wa Kathonzweni, muuzaji wa mtandaoni ndiye duka, ndiye mshauri, na mara nyingi ndiye mtu wa mwisho kukishika kifaa kabla hakijachomekwa ukutani.

Mwongozo huu unamhusu muuzaji huyo. Unacheka tabia za soko, lakini kila agizo lililomo lifuatwe kama lilivyoandikwa. Sheria za Kenya kuhusu biashara hii ni nyingi, ila zote zinamuuliza muuzaji maswali matatu: Wewe ni nani? Unauza nini? Kikiharibika, utafanya nini?

1. Jitokeze, wewe si jini

Ukurasa hauna jina la mtu, hauna mtaa, na simu ikipigwa haipokelewi mpaka mteja aandike "nimeshalipa". Huo si ukurasa wa biashara, ni mtego. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, chukua leseni ya biashara ya kaunti yako, na uwe na PIN ya Mamlaka ya Mapato, KRA. Mauzo yako yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kodi ya mauzo ni asilimia 3, hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ankara zitoke kwenye mfumo wa eTIMS wa KRA.

Kisha andika ulipo kwa namna ambayo mtu wa bodaboda anaweza kufika: mji, jengo, duka la jirani. Jina linalotokea mteja anapolipa kwa till lifanane na jina lililo kwenye tangazo. Mteja akiona jina la mtu asiyemjua katika ujumbe wa M-Pesa, ana haki ya kushtuka.

2. Bei si siri ya taifa

Mbuzi katika soko la Kitui hutajiwa bei mbele ya watu, na mnyama mwenyewe akisikiliza. Sasa pawabenki ina heshima gani ya kuzidi mbuzi, hata bei yake inong'onwe "inbox"?

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa mtandao amweleze mnunuzi habari za lazima kabla ya makubaliano, ampe nafasi wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha kosa, na baadaye ampe nakala ya makubaliano. Asipopewa nakala, mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba ndani ya siku 30. Kwa hiyo weka bei kamili kwenye tangazo lenyewe, pamoja na nauli ya kifurushi hadi Mutomo au Mtito Andei. Andika kama kifaa ni kipya au kimetumika, kina waranti ya muda gani, na kitafika lini. Mteja akikubali, mtumie maelezo hayo yote kwa ujumbe mmoja anaoweza kuuhifadhi, pamoja na ankara. Ni kazi ya dakika 2, na ndiyo itakayokutetea siku ya ubishi.

3. "Original kabisa" si cheti

Maneno hayo huandikwa na kila mtu, hasa anayeuza bandia. Cheti kiko kwingine. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hutoa alama ya SM kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini na stika ya ISM kwa zinazoagizwa kutoka nje. Tangu Septemba 2005 bidhaa nyingi za kuagizwa hutakiwa kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Nambari ya kibali cha SM unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari yenyewe kwa 20023. Fanya hivyo mbele ya aliyekuuzia kwa jumla pale Luthuli Avenue, Nairobi, kabla hujatoa pesa. Ukifika Sultan Hamud ndipo ukumbuke, umeshachelewa.

Dai risiti ya mzigo wa jumla na uiweke. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 haimtazami mwenye kiwanda peke yake. Anayeuza, anayehifadhi na anayesafirisha bandia kwa biashara wote wanaguswa. Kosa la kwanza linaweza kukupeleka jela hadi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Hesabu faini hiyo kwa katoni moja ya spika, kisha uone kama faida ya shilingi 200 kwa kila moja ilistahili.

Kwa friji, tafuta pia lebo ya nyota ya matumizi ya umeme inayosimamiwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Mwenye kibanda cha soda Makindu atalipia umeme wa friji hiyo kila mwezi. Mwonyeshe lebo, mweleze kuwa nyota nyingi ni umeme kidogo, na umwache achague.

4. Plagi itazamwe kabla ya kupigwa picha

Hapa mwongozo unaomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo nyumba huungua. Soketi za Kenya hutoa volti 240 kwa hezi 50. Kifaa kilichotumwa na shangazi kutoka Marekani kikiwa kimeandikwa volti 120 pekee, kukichomeka ukutani bila transfoma ni kukichoma. Soma lebo: chaja nzuri huandika "100–240V, 50/60Hz" upande wa kuingia, na volti na ampea za kutoka.

Sasa shika plagi ya birika au ya spika, uitazame kwa karibu. Plagi yetu ya pini tatu hufuata kiwango cha Uingereza, BS 1363. Pini mbili fupi hubeba umeme, na nusu yake iliyo karibu na shina huvikwa plastiki ili kidole kisiguse chuma chenye umeme plagi inapochomolewa. Pini ndefu ni ya ardhi, na kwenye plagi ya namna hii huwa chuma kitupu kuanzia shina hadi ncha. Ukiikuta nayo imevikwa plastiki nusu, plagi hiyo imeigwa na mtu asiyejua alichokuwa anaiga: ile plastiki yaweza kuzuia waya wa ardhi usiguse ndani ya soketi, na siku kifaa kikivuja umeme, mwili wa mtu ndio utakaokuwa njia. Kwenye chaja ndogo pini ndefu yaweza kuwa ya plastiki yote, na hiyo ni sawa ikiwa chaja ina alama ya mraba ndani ya mraba, yaani imekingwa mara mbili.

Fungua kifuniko cha fyuzi. Fyuzi ipo? Au pamewekwa kipande cha waya? Chukua ekstensheni moja katika kila mzigo, ukate waya wake, usogeze sumaku. Shaba haivutwi, chuma kinavutwa. Kwangua waya kwa kisu: ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na itapata moto mapema. Chaja ichomeke na simu kwa saa nzima, kisha uishike. Uvuguvugu si tatizo. Ikikufanya uiachie, usiiuze, hata kwa bei ya kutupa.

Anayenunua katoni nyingi na amuulize msambazaji ripoti ya majaribio ya kiwango cha IEC 62368-1, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya sauti, video na mawasiliano. Msambazaji wa kweli anajua unachouliza. Akianza kukuambia habari za baraka na imani, rudi nyumbani na pesa zako.

5. Simu ina kitambulisho, kiheshimu

Bonyeza *#06# na nambari ya IMEI itatokea. Ilinganishe na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwa 1555. Wauzaji wa zamani wanakumbuka Septemba 2012. Tarehe 30 ya mwezi huo ilikuwa ya mwisho, na simu bandia zilizokuwa mikononi mwa watu zikazimwa katika mitandao yote. Waliopoteza pesa walikuwa wanunuzi, wengi wao wakiwa wamenunua kwa nia njema.

Simu, ruta na vifaa vingine vya mawasiliano vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Redio za upepo zinahitaji leseni ya masafa, kwa hiyo usiziuze kama pipi.

"Ex-UK" ni simu iliyotumika. Iandike hivyo: imetumika, betri iko asilimia fulani, kioo kimebadilishwa au la. Kuita kilichotumika kipya ni miongoni mwa udanganyifu ambao Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji inaukataza kwa jina, na mnunuzi aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba kwa kutoa taarifa ndani ya mwaka 1. Simu isiyo na boksi, isiyo na risiti, iliyoletwa usiku na mtu mwenye haraka, iache. Kushughulika na mali ya wizi ni kosa la hadi miaka 14 jela katika Kanuni ya Adhabu. Na fundi anayejitolea kubadilisha IMEI anakualika katika kosa jingine juu ya hilo.

6. Betri na jua la Kibwezi havipatani

Betri ya lithiamu iliyofura haiuzwi, haitobolewi, haibonyezwi irudi. Pawabenki iliyoanguka na kupasuka haifungwi gundi. Unapotuma mzigo, funika ncha za betri, funga kila kifaa peke yake kwa kadibodi, na uandike nje kwamba ndani kuna betri. Kataa kifurushi kisiwekwe kwenye dashibodi ya matatu inayopanda kutoka Emali saa 7 mchana, wala karibu na injini. Kampuni au sacco inayobeba vifurushi kwa malipo inatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Omba risiti yenye nambari ya mzigo. "Nimempa dereva" si anwani.

Vilivyokufa navyo vina mahali pake. Huku watu huchimba visima kwenye mchanga wa Tiva, Thua na Kaiti ili wapate maji ya kunywa. Betri inayotupwa kwenye mto mkavu imetupwa kisimani. Pokea betri chakavu kutoka kwa wateja wako, zikusanye kwenye chombo kikavu, na uzipeleke kwa wanaorejeleza taka za kielektroniki wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

7. Sura ya mteja si bango lako

Mteja amepokea runinga, ametabasamu, nawe umeshampiga picha na kumbandika Facebook pamoja na namba ya simu iliyo kwenye risiti. Simama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini yake. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ridhaa yake. Muuzaji mdogo, mwenye mauzo yasiyofika milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, hasamehewi sheria. Kwa kawaida amesamehewa kujisajili tu. Omba ruhusa kwa maandishi, na ukinyimwa, piga picha ya runinga peke yake.

8. "Mali ikiuzwa hairudishwi" haina nguvu unayodhani

Sentensi hiyo hupendwa sana, na huandikwa kwa herufi kubwa. Lakini haki ambazo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji inampa mnunuzi haziondolewi na makubaliano wala tangazo, na Ibara ya 46 ya Katiba inampa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari, ya usalama, na ya fidia akipata hasara au kuumia. Susu wa Zombe akipiga simu na kusema, "Mwanangu, hii taa yako ya sola haiwaki," usimwulize kama aliisoma sera yako. Mwambie, "Pole, susu. Nitumie kwa gari la kesho, nauli ni yangu. Nikiipata nakutumia nyingine au pesa zako."

Ukimzima, anazo njia. KEBS hupokea malalamiko kwa 1545. Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mdai halazimiki kuwa na wakili.

Kwa hiyo kabla ya kubandika tangazo la leo, andika chini ya picha mambo manne: jina lako na ulipo, bei yote pamoja na nauli, hali halisi ya kifaa na alama kilicho nayo, na utakachofanya kikiharibika. Ukiweza kuyaandika yote bila kusita, bandika na uuze sana, maana kaunti hizi zinahitaji wauzaji wa namna yako. Ukisita kwenye lolote, kifaa hicho kirudi kwa aliyekuuzia, kisifike nyumbani kwa mtu.