Miti Tisa ya Karagwe na Kyerwa Inayogombea Chungu cha Bonsai

Tukubaliane kwanza. Bonsai si aina ya mti. Ni mti wowote wa kweli, ambao ukiachwa shambani ungepita paa la nyumba, uliotiwa kwenye chungu kifupi na kupogolewa matawi na mizizi miaka nenda miaka rudi, mpaka ukazeeka bila kurefuka. Wachina walitangulia na penjing yao, Wajapani wakaupa mchezo jina lililoenea duniani, na wengi wetu tukaamini kwamba bila mti wa Japani hakuna bonsai.

Nakataa. Huku kwetu mkoani Kagera, kuanzia Kayanga hadi Murongo, watu wanashika mkasi wa kupogolea kahawa tangu utotoni. Na kukidogosha kitu kikubwa ili ukitazame kwa karibu si jambo geni huku: Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, aliyempokea mpelelezi Speke mwaka 1861, alikuwa na ng'ombe wadogo wa madini katika hazina yake, na mpelelezi mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1876 aliwaona. Mikono ipo, jicho lipo. Kilichobaki ni kugombania mti.

Vigezo vyangu ni vinne: jani likubali kupungua, shina linenepe na kuonekana zee, mizizi ivumilie kisu, na mwenye mti apumzike jioni badala ya kupandwa presha. Msonobari mweupe wa Japani nautoa nje kabla ya mchezo kuanza, kwa heshima zote. Upo mmoja Washington ulioanza kulelewa mwaka 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ukiwa kwa familia ya Yamaki, nao wakauzawadia Marekani mwaka 1976. Mti wa ajabu. Lakini jamii hiyo hutaka majira ya baridi kali ili ipumzike, na vilima vyetu, hata vikipita mita 1,500, vina ubaridi wa sweta tu.

Sasa twende, kutoka wa mwisho kwenda wa kwanza.

9. Mgomba

Najua, najua. Kumwanzia mwenye nyumba ni utovu wa adabu. Lakini mgomba si mti! Kile unachokiita shina ni ala za majani zilizokumbatiana. Hakuna mbao ndani, hakuna tawi la kukunja, na ukiukata unatoa jani jipya pana kuliko chungu chenyewe. Hukumu: chungu cha ndizi kipo jikoni, na kina maharage ndani yake.

8. Mkaratusi

Ukienda gulioni Omurushaka asubuhi, ukirudi umeongezeka. Jani refu, kiu isiyokatika, mizizi isiyopenda kuguswa. Bonsai inataka mti unaokubali kungoja, na huu una haraka ya kuwa nguzo. Hukumu: waachieni TANESCO.

7. Mparachichi

Huu ndio mtego wa wanaoanza. Umekula parachichi, kokwa limechipua lenyewe kwenye lundo la taka, moyo ukalainika, ukalitia kwenye kopo. Miezi sita baadaye una fimbo moja iliyonyooka yenye majani mapana juu, na hayo majani hayapungui hata ukiyabembeleza. Hukumu: upandeni nje, watoto wale.

6. Mlamula

Mti wa mpaka. Kagera nzima inaujua: unapandwa pale shamba langu linapoishia na lako linapoanzia, na ukishasimama hapo hakuna anayeuliza tena. Una umbo la kupendeza ukiwa mdogo, unashika kwa kipande cha shina tu, wala haudeki. Kasoro yake ni matawi: yanatoka machache, tena pale yanapotaka yenyewe. Kasoro kubwa zaidi ni jirani. Ukionekana unaung'oa mlamula usiku ili ukaufanyie sanaa, baraza la ardhi la kata halitasikiliza habari za Japani. Hukumu: chukua kipande, acha mti.

5. Mnyaa

Unaujua kwenye nyua. Vijiti vya kijani, majani hakuna kabisa kwa macho ya mpita njia, kwa hiyo tatizo la jani kubwa limekwisha kabla halijaanza. Ukiutazama ndani ya chungu unaona msitu mzima uliopukutika. Ila utomvu wake ni mkali, na ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda. Starehe gani hiyo inayotaka miwani ya fundi wa kuchomelea? Hukumu: mzuri kwa mbali.

4. Mpera

Hapa tunaanza kuongea. Mpera una gome ambalo miti mingine ingelilipia: linabanduka vipande vyembamba, chini yake unabaki mwili laini wenye rangi ya shaba na kijani. Mti wa miaka michache tayari una sura ya mzee. Mizizi inavumilia kukatwa, matawi yanachipua upya bila kinyongo, na unaota wenyewe kandokando ya njia bila kupandwa na mtu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini umekaa huku muda mrefu kiasi kwamba mbuzi wanaushughulikia kama urithi wao. Hukumu: ukitaka kuanza wikendi hii, anza na huu. Chungu kiwe juu, mbali na mbuzi.

3. Mgunga

Teremka kutoka vilimani kuelekea Mto Kagera, kwenye mbuga kavu za Kyerwa, uitazame migunga inavyosimama: mguu mmoja, mikono imefunguka, juu imelala bapa. Umbo hilo Mwafrika Kusini Charles Ceronio aliliingiza kwenye vitabu vya bonsai kuwa mtindo kamili wa Kiafrika, pamoja na ule wa mbuyu. Kwa hiyo wapo watu mabara ya mbali wanaokunja matawi kwa waya wakitafuta sura ambayo sisi tunaiona tukiwa juu ya bodaboda.

Jani lake ni dogo tangu kuzaliwa, na jioni linajifunga lenyewe kulala. Panda kwa mbegu: zitie kwenye maji ya moto, ziache usiku kucha, asubuhi zilizovimba ndizo za kupanda. Ukate mzizi mkuu mapema mche ukiwa bado mchanga, maana ukichelewa unazama chini na hautaki tena mazungumzo. Na tafadhali sana, usiende kung'oa ndani ya Ibanda-Kyerwa wala Rumanyika-Karagwe. Ni Hifadhi za Taifa tangu mwaka 2019, na askari wa hifadhi hana kitengo cha bustani. Hukumu: shaba. Ungepanda juu zaidi kama usingekuwa na miiba.

2. Mbuni

Hapa ndipo moto utakapowaka, maana wapo wanaotaka mbuni uwe wa kwanza, na wana hoja.

Mkulima wa Nyaishozi au Nkwenda anayekata kisiki mbuni uliochoka, akangoja maotea, akachagua mawili matatu yaliyokaa vizuri na kung'oa mengine yote, tayari ameshafanya nusu ya kazi ya bonsai bila kufundishwa na mtu. Tofauti ni nia tu. Yeye anatazama mzigo wa matunda atakaoupeleka chama cha msingi. Wa bonsai anatazama kisiki chenyewe: kimepinda upande gani, kovu lipi lifichwe, lipi lioneshwe. Visiki vizee vinavyong'olewa kuwa kuni ni mali. Omba kimoja kabla mvua za Septemba hazijakolea, kata mizizi ienee kwenye beseni lililotobolewa, kiweke kivulini, mwagilia, usikiguse. Wiki chache baadaye utaona kwenye gome la kijivu vitone vya kijani vidogo kuliko punje ya mtama, vikichomoza pale ambapo ungeapa kwamba mti umekufa. Nashindwa kueleza raha ya kuvikagua vile vitone asubuhi kabla ya chai. Jaribuni.

Kuna vituko viwili pia. Jani la mti wa chungu hupungua likipata jua na mkasi, lakini ua na tunda hubaki na ukubwa wake wa shambani, kwa hiyo kimti cha kufika gotini kinabeba kahawa za kawaida kabisa. Na robusta, kahawa yetu ya huku, haijichavushi: ukiupeleka mmoja peke yake ghorofani Dar es Salaam, utachanua na kunukia bila kukuzalia kitu. Huku kwetu nyuki ana mashamba mazima ya kuchagua.

Mbona basi si wa kwanza? Jani. Robusta ina jani pana, na hata likipungua bado linaufunika mti. Hukumu: fedha, kwa sababu ya jani tu. Watu wa KDCU, chama chetu kikuu cha ushirika, wasinichukie.

1. Mtoma

Jamii ya mkuyu, wataalamu wanauita Ficus natalensis, na babu zako waliuvaa. Ndiyo, waliuvaa: gome lake la ndani lilipondwa kwa nyundo ya mti likawa nguo kabla pamba haijaenea, na ng'ambo ya mpaka, Buganda, kazi hiyo inaendelea hadi leo na UNESCO iliitambua mwaka 2005. Sasa fikiria mti unavuliwa gome shina zima, unafungwa majani ya mgomba, na unaotesha gome jipya, mwaka baada ya mwaka. Mti wa namna hiyo unaogopa mkasi wako?

Ukate tawi, maziwa meupe yanachuruzika, yanaganda, kidonda kinafungwa. Kata mizizi nusu nzima mvua zikianza, unashangaa kidogo kisha unaendelea. Chomeka gongo nene kama mkono wako, linashika, kwa hiyo unaanza na shina nene siku ya kwanza badala ya kulingoja miaka kumi. Jani linapungua ukiupunguzia chungu na kuuongezea jua. Pakiwa na unyevu huweza kushusha mizizi ya hewani, ambayo ikifika chini inakuwa miguu mipya. Hakuna mti wa Karagwe unaosamehe kama huu, na anayetaka kupumzika anahitaji mti unaosamehe.

Vifaa havina makuu. Udongo wa shamba usitumike mtupu, unashika maji na kuozesha mizizi. Chekecha kokoto ndogo, changanya na mboji kiasi. Chungu cha mfinyanzi kitobolewe chini. Waya wa shaba wa nyaya zilizochakaa, ukiuchoma motoni unalainika na kukunja tawi vizuri. Nyaya za nyumbani kwako, si za kwenye nguzo! Kagua kila baada ya wiki chache, tawi likinenepa waya unauma gome. Na mti ukae nje, barazani penye jua. Sebuleni na televisheni yako hautakufurahia.

Hukumu: dhahabu. Anayebisha alete wake Kayanga, tuiweke meza moja, tumwite mpogoaji wa kahawa aamue.

Na ninyi wa bogenvilia, najua mnakuja. Inafaa chunguni, tena sana. Nimeiacha makusudi: ikiingia tu, maua yake yatawaziba macho, hakuna atakayetazama shina.