Debe, Jezi Nyekundu na Simu ya Shemeji

Nachingwea imezoea wageni wenye mizigo mizito. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walituletea mpango wa karanga, ambao ulikusudiwa kuwapatia mafuta ya kula kwao baada ya vita kuu. Walikuja na matrekta ya kila aina, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya Sherman, wakajenga na reli kutoka pwani ya Mtwara. Januari 1951 serikali ya waziri mkuu wao Attlee ikatangaza kwamba basi, imetosha. Pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Karanga siku hizi tunalima wenyewe kwa jembe la mkono, na anayevuna wa kwanza ni nguruwe pori.

Kwa hiyo mtu akiniuliza abebe nini akija kwetu Naipingo kwenye msako wa nguruwe, namwambia apunguze. Msako wenyewe hauna ufundi wa kutisha. Mchana nguruwe pori hulala kwenye kichaka kinene, maana kazi yake huifanya usiku. Watu hujipanga mstari upande mmoja wa kichaka, wakasonga mbele pamoja huku wakipiga kelele, na nguruwe wakatokea upande wa pili, ambako askari wa wanyamapori anawangoja na bunduki yake. Huku kelele, kule kimya. Mzigo wowote unaokuharibia kelele yako au kimya chako ubaki nyumbani. Jibu hilo huwatosha watu wengi, ila halikumtosha shemeji yangu wa Dar es Salaam, aliyeshuka kwenye basi na begi ambalo bodaboda wawili walilikataa.

Kifaa cha kwanza hakikuwamo humo, nacho ni karatasi. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, huwezi kujiamulia tu kwamba leo unawinda. Unaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti anapeleka taarifa wilayani, ofisi ya wanyamapori inaleta mtu wake. Ukitaka kuelewa utaratibu huo kwa haraka, shika hili: nguruwe akiwa shambani kwako anakula muhogo ni mnyama mharibifu, akiwa jikoni kwako bila kibali ni nyara ya serikali, na mharibifu sasa ni wewe.

Kutoka ndani ya begi ilitangulia kofia ya mabaka mabaka, halafu suruali yake, halafu fulana yake. Shemeji alikuwa ameona kwenye video kwamba mwindaji wa kweli huvaa hivyo ili mnyama asimwone. Mama alizitazama zile nguo, akamtazama mkwewe, akaenda kufunga mlango. Nachingwea ina kambi ya jeshi. Kabla ya hapo wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa vita hapahapa, na Samora Machel mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowafunza. Watu wa wilaya hii wanajua sare inavyofanana. Na mwaka 2023 JWTZ ilikwishatangaza kwamba raia wenye nguo za jeshi au zinazofanana nazo wazisalimishe ndani ya siku 7. "Baba," Mama akamwambia kwa upole, "nguruwe hatakuona, lakini MP wa jeshi watakuona." Nguo zikarudi chini ya begi, na ninavyomjua Mama, zilirudi Dar zikiwa zimeviringishwa ndani ya kanga.

Isitoshe, kwenye msako hutaki kufichika. Kule Ufaransa na Ujerumani, ambako nguruwe mwitu huswagwa kwa vikosi vya watu na mbwa, wawindaji huvaa vizibao vya rangi ya chungwa ili mwenye bunduki atofautishe mtu na mnyama. Sisi vizibao hivyo hatuna, tuna jezi. Mzee anayeongoza msako wetu aliamuru miaka mingi iliyopita kwamba kila mtu kwenye mstari avae jezi ya Simba, kwa kuwa nyekundu inaonekana kwenye majani. Ya Yanga ni kijani, na kijani msituni ni kujiombea mwenyewe msiba. Amri hiyo imeleta ugomvi mkubwa kuliko mipaka ya mashamba. Mjomba wangu, Yanga wa damu, huivaa jezi ya Simba kwa ndani-nje, nembo ikigusa kifua, akisema Mungu anaona moyo. Mwaka huu kijana mmoja alijaribu kuleta hoja kwamba njano ya Yanga nayo inaonekana vizuri. Mzee akamjibu kwamba hata ndizi mbivu inaonekana vizuri, na ndiyo maana huliwa.

Suruali ya jinzi ya bluu Shemeji aliruhusiwa kubaki nayo, na mbung'o wakashukuru. Wale wanaotengeneza mitego ya mbung'o hushona vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu wadudu hao hupenda kuzifuata rangi hizo. Tulipofika ukingo wa pori, mbung'o walitupita sisi wote kama hatupo, wakaenda kwa Shemeji. Wenye hekima walisimama karibu naye muda wote, wakipumzika.

Kwenye viatu alikuja na gambuti mpya, zinazofika magotini. Gambuti ni kiatu kizuri mpaka uvuke kijito chenye kina kinachozidi gambuti. Baada ya hapo unatembea na kijito chako mwenyewe, na kila hatua inasema chwaka, chwaka. Wenyeji huvaa katambuga za tairi. Maji yakiingia yanatoka, mwiba ukichoma unakutana na mpira wa lori, na kamba ikikatika unachukua gome la mti unafunga. Ubaya wake ni kwamba haziendi na soksi, na Shemeji alishabeba soksi.

Chagua pia mikono mirefu na miguu mirefu, hata jua likiwa kali. Mwezi wa tano, mahindi yakishakauka, maganda ya upupu nayo yanakuwa yamekauka, na vile vinywele vyake vinasubiri mtu wa kupita. Mtani wetu mmoja alikuja na kaptula, akidai kwamba ngozi ya kwao haiwashwi. Upupu haukuwa na habari hizo. Alianza kujikuna kwenye goti, akapanda kwenye paja, na kadiri alivyojikuna ndivyo alivyousambaza. Mzee alimkabidhi majivu ya kujipaka, lakini akamzuia asiondoke kwenye mstari, kwa sababu kelele alizokuwa akipiga zilikuwa bora kuliko za wengine wote.

Hapo tunafika kwenye kifaa chenyewe. Debe. Debe tupu la mafuta ya kula na kijiti kigumu, basi. Halihitaji chaji wala halikwami, na mtoto wa darasa la tatu analitumia sawasawa na diwani. Filimbi inafaa kumwita jirani aliyesalia nyuma ili mstari usitoboke. Nguruwe akiona pengo hulitumia kabla yako. Spika ya kuchaji ambayo Shemeji aliileta kwa ajili hiyo ilijaribiwa pia. Ilipigwa singeli. Vijana wa upande wa kushoto walisonga hatua chache, kisha wakaacha kusonga wakaanza kucheza, na mstari ukajikunja. Mzee aliizima kwa mkono wake mwenyewe, akampeleka Shemeji upande wa pili, upande wa kimya, akamketisha nyuma ya mkorosho jirani na askari. Aliambiwa kazi yake ni kutofanya kitu.

Nilikuwa naye, na nakumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa. Madebe yalisikika kwa mbali, yakakaribia. Majani yakaanza kutikisika chini chini, bila upepo. Kisha ikajitokeza pua, halafu uso wenye manyoya meupe, halafu dume zima limesimama ukingoni mwa shamba, masikio mbele, likinusa. Nyuma yake tuliona migongo mingine. Nguruwe pori haoni sana lakini pua yake haina mfano, na nadhani alikuwa ameanza kuyatilia shaka manukato ya Shemeji. Askari akainua bunduki polepole. Na ndipo simu ya Shemeji ilipolia, kwa ule mlio wa taarabu uliowekwa na mkewe, sauti ya mwisho. Ilikuwa dada yangu, anauliza kama ameshakula.

Familia yote ile iligeuka ikarudi ilikotoka, yaani kwenye madebe. Watu humwogopa ngiri kwa sababu meno yake yanaonekana. Ya nguruwe pori ni mafupi, lakini yale ya chini yana makali, na dume lenye watoto halina mzaha. Mstari wetu ulivunjika kwa kasi ambayo ningependa niione kwenye kupalilia. Mikorosho, shukuru Mungu, ina matawi ya chini, na kila mkorosho ulipata wapangaji. Mtani alisahau upupu. Mjomba alikwea na debe lake, akaendelea kulipiga akiwa juu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Nguruwe walipita katikati ya watu bila hata kuwagusa, wakavuka shamba la mihogo, na mmoja, naapa, alisimama akachimba kidogo.

Simu iliendelea kulia. Shemeji akaipokea, akasema kwa kunong'ona, "Bado, mama, nitakupigia."

Msomaji wa mjini anaweza kusema: waacheni hao wanyama wale mihogo miwili mitatu. Hesabu ya hapa inakwenda mbali kuliko mihogo. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha utafiti katika jarida la Nature kuhusu simba wala watu Tanzania. Tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563, na mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Sababu mojawapo waliyoitaja ni huyuhuyu nguruwe. Anaingia shambani wakati wa mavuno, mkulima anahamia shambani kumlinda, analala kwenye dungu la miti na nyasi, na simba aliyekuwa akimfuata nguruwe anamkuta mtu. Kwa hiyo tochi ibebe, hata kama msako ni wa mchana. Utapitiwa na jioni njiani, na hakuna aibu katika kutembea katikati ya kundi ukimulika nyuma. Mzee mwenyewe, aliyeamuru tuvae Simba, hutembea katikati.

Kilichosalia ni kisu na gunia, navyo vinamhusu mwenye kula. Siku afisa akiruhusu nyama ichukuliwe, kijiji hugawana kazi bila kikao. Waislamu, ambao wameswaga toka alfajiri kwa bidii kuliko mtu yeyote, hunawa mikono wakaondoka na heshima yao. Wakristo husalia na mzigo, na ubishi wa nani apate paja. Ukialikwa, iache nyama ichemke mpaka iive kabisa, hata kama njaa inakusemesha.

Siku ile ya simu hakukuwa na gunia lililojazwa. Jioni tulikaa chini ya mwembe, na kwa kuwa nguruwe aliyetoroka siku zote huwa mkubwa kuliko aliyepigwa risasi, lile dume lilianza na kilo themanini, likafika mia moja, na kahawa ilipokaribia kwisha lilikuwa linampita punda. Kila mtu alikuwa amelikosa kidogo tu. Shemeji akauliza kwa adabu kama msako ujao aje na droni. Mzee alinywa kikombe chake akakimaliza.

"Msako ni kesho alfajiri," akasema. "Kila mtu na debe lake. Na simu zote, zikiwa zimewashwa, mtaziacha nyumbani kwa wake zenu."

Hapo ndipo nusu ya kikosi ilipokumbuka kwamba kesho ina safari ya Ruangwa.