Hotuba juu ya Homa ya Mashine Kongwe za Vyombo

Enyi mabwana na mabibi, na nyinyi manahodha mliojibanza nyuma ya nguzo mkidhani siwaoni, nawapongeza kwa bahati adhimu mliyoruzukiwa leo ya kunisikiliza. Mimi ndimi Tabibu Mkuu wa Mashine za Vyombo, lakabu niliyojitunuku kwa idhini yangu mwenyewe, baada ya kungoja muda mrefu pasi na mtu yeyote kunitunukia. Na maudhui yangu ni homa, yaani ile hali ya mashine kongwe, iliyokaa ndani ya chombo tangu enzi za baba zenu, kuchemka katikati ya mkondo ilhali abiria wana harusi ng'ambo.

Majahili, nao ni wengi bandarini, waonapo homa hukimbilia dukani kununua pampu, wakarudi kwa themostati, kisha wakauza mbuzi wapate geji. Lau wangalinijia, ningaliwaambia kwamba maji yana njia moja tu, yaingia chini ya chombo na kutokea tezini, na mwenye kuifuata njia hiyo kwa adabu haanzi kwa kufungua mkoba.

Itazameni basi tezi. Ikiwa bomba la moshi latema maji haba pamoja na mvuke mweupe, maji yamezuiliwa njiani. Fungeni bilula ya chini, uvueni mpira wake, kisha ifungueni kidogo: maji yasiporuka kwa nguvu, pana mfuko wa plastiki, au mwani, au magamba ya viumbe wa baharini waliofanya maskani mlangoni. Yakiruka, nendeni kwenye chujio, na msidharau ule mpira wa kifuniko chake, kwani ukichakaa pampu hufyonza hewa badala ya maji, na huenda lisivuje hata tone moja la kuwapa habari.

Sasa twafika kwenye impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mbawa, ambacho kikizungushwa pakavu hata kwa dakika moja huweza kuungua. Fundi wa kawaida akikuta mbawa mbili zimekatika hutia impela mpya, akafuta mikono, akadai ujira. Hajiulizi kamwe mbawa zile zimehamia wapi. Zimekwenda mbele, mabwana! Zimekwama mdomoni mwa kipoza-joto au katika pindo la bomba, na kila kipande sharti kitafutwe.

Na ikiwa maji ni tele lakini homa ingalipo, kwanza ipimeni mashine kwa kipimajoto kingine, kwa kuwa geji kongwe zina tabia ya uwongo. Kisha itumbukizeni themostati katika sufuria ya maji yapatayo moto, mwone yafunguka lini. Mashine ipozwayo moja kwa moja kwa maji ya bahari aghalabu hupewa themostati ifungukayo kwenye nyuzi 60 au chini yake, maana joto likizidi hapo chumvi na chokaa huganda ndani ya njia za maji. Ile yenye maji matamu yake yenyewe huvumilia hata nyuzi 80. Ikiwa mashine yatulia mwendo wa polepole na kuchemka mwendo wa kasi, shukuni kipoza-joto kilichoziba, au mpira unaobonyea kwa kufyonzwa, au kiwiko cha bomba la moshi kilichojaa kutu na masizi, au chombo chenyewe kilichoota mwani hata mashine ikaelemewa. Kifuniko cha tangi la maji matamu msikifungue kingali moto. Nilimkataza mwanagenzi wangu mara moja, naye tangu siku ile anasikia.

Kuhusu zile mashine za Lister zipozwazo kwa upepo sina la kusema. Mashine isiyohitaji maji humvunjia tabibu heshima yake.

Mtauliza mbona kanzu yangu haina doa la oili. Mwanagenzi ndiye mwenye kazi ndogo, nayo ni kuzama, kufungua, kuchunguza, kutambua ila na kuitengeneza. Kazi kubwa ni yangu, ya kuketi ufuoni na kutikisa kichwa kwa wakati unaofaa.

Wenye mashine zenye homa na waje barazani kwangu baada ya alasiri. Ujira hulipwa kabla ya utambuzi, na kila mtu aje na spana zake.