Soda Gani?

Neno "soda" ni mtego wa dukani. Mtoto akitumwa soda anaweza kurudi na chupa ya baridi ya kumkirimu mgeni, au magadi soda ya kulainishia maharage, au, mwenye duka akiwa na haraka zake, kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ambayo huchubua mdomo. Chumvi nayo ni yaleyale: ipo ya mchuzi na ipo ya haluli, na atakayeziungia mboga bila kuuliza atajulishwa tofauti na foleni ya chooni. Halafu wanafunzi wa sekondari wanalalamika kwamba majina ya kemia ndiyo magumu! Sodiamu kloraidi na magnesiamu salfeti ni marefu, sikatai, lakini hakuna anayeweza kudhani ni kitu kimoja. Ulaya nako walikwisha kuumwa na nyoka huyu. Enzi hizo maabara zao zilikuwa na "siagi ya antimoni", ole wake ambaye angeipaka kwenye mkate, mpaka mwaka 1787 mwanakemia Lavoisier na wenzake watatu huko Paris walipotoa utaratibu mpya: jina litaje kilichomo, basi.

Mwanafunzi mbishi atasema utaratibu wenyewe una upendeleo. Kaboni dayoksaidi inahesabiwa oksijeni zake mbili, lakini akiandika "kalsiamu daikloraidi" kalamu nyekundu inampitia, ilhali klorini ni mbili vilevile. Jibu ni kwamba kalsiamu huachia elektroni mbili daima, kwa hiyo klorini haziwezi kuwa idadi nyingine. Kuzihesabu ni sawa na kumtambulisha bwana harusi kuwa ni Juma mwenye pua moja. Kaboni hatabiriki. Akiwa na oksijeni mbili anatoa povu kwenye soda (ile ya mgeni), akiwa na moja anatoka kwenye jiko la mkaa lililofungiwa chumbani na kuua waliolala. Hapo usipohesabu umekwisha. Chuma naye ni mume wa mitala: leo klorini mbili, kesho tatu, ndiyo maana jina lake hubeba namba ya Kirumi kwenye mabano, ili wageni wajue wameandaliwa viti vingapi.

Na maji je? Mbona hayaitwi dihaidrojeni monoksaidi? Kwa sababu yamezoeleka, kama babu anayeitwa Babu mtaa mzima. Wanakemia wenyewe wameyaachia jina lake, pamoja na amonia. Lakini maji yakiongezewa oksijeni moja tu, yanakuwa haidrojeni peroksaidi, inayogeuza nywele za saluni kuwa rangi ya mahindi, na hapo undugu na maji umekwisha.

Kuhusu alama za elementi, nashindwa nusu. Chuma kuandikwa Fe ni Kilatini kitupu na sina utetezi. Lakini Na ya sodiamu, inayochukiwa kuliko zote, inatokana na natriamu, jina lenye asili moja na lile la Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, lililojaa magadi ambayo sehemu yake kubwa ni sodiamu kaboneti. Mwanafunzi wa Arusha anaikataa Na kwa sababu ni ya kigeni, huku amekula mchana maharage yaliyolainishwa na magadi ya aina hiyohiyo.