Bisibisi Kizimbani

Mwaka 2007 Ujerumani iliamua kuwakomesha wezi wa mitandaoni kwa kuwanyang'anya mafundi bisibisi. Kifungu cha 202c cha sheria ya jinai kilifanya kuwa kosa kutengeneza, kujipatia au kusambaza programu ambayo lengo lake ni udukuzi. Haya, programu ina lengo gani? John the Ripper hubahatisha nywila moja baada ya nyingine: mwizi akiiendesha anapata akaunti ya mtu, mlinzi wa mfumo akiiendesha anagundua kuwa mhasibu wake anatumia “123456”. Programu ni ileile, na haijui imeshikwa na nani.

Watetezi wa sheria walisema mwenye nia njema asihofu, na kweli, mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba zana zenye matumizi mawili hazimo. Ahsante, ila watafiti kadhaa walikuwa wameshaondoa kazi zao mtandaoni. Hata BSI, idara ya serikali yenyewe ya usalama wa kompyuta, ililalamikiwa kwa waendesha mashtaka kwa kuwaelekeza wananchi kwenye John the Ripper hiyohiyo; waendesha mashtaka wakakataa kuishitaki. Wezi, kwa upande wao, hawakuomba ufafanuzi.