Tuisifu Sumu Inayonyoosha Ndita

Wageni wa Mikumi huwasifu tembo na simba. Mimi namsifu bakteria aitwaye Klostridiamu botulinamu, mkazi wa udongo wa dunia nzima, na sina sababu ya kuutenga huu wetu wa Kilosa.

Hapendi hewa. Mpe kopo lililosindikwa ovyo, atatulia humo atengeneze sumu kali kuliko zote zijulikanazo. Nayo ina adabu: haina rangi wala harufu, na haina papara. Kope hulegea kwanza, ulimi ukawa mzito, mwisho misuli ya kupumua. Ubelgiji mwaka 1895, wapiga muziki waliotoka kumzika mtu walikula paja la nguruwe. Watatu wakamfuata marehemu. Hapo ndipo Emile van Ermengem alipomnasa mhusika.

Ukiichemsha dakika 10, sumu imekwisha. Mbegu za bakteria huyo ndizo hazijali moto wa jikoni, na hujificha hata kwenye asali. Kwa hiyo mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe asali, hata iwe safi kuliko moyo wa bibi anayemlambisha.

Sumu yenyewe huzuia neva isiuamrishe msuli. Daktari Alan Scott wa Marekani aliipima kwa uchache akanyooshea makengeza. Ikaidhinishwa huko 1989, na 2002 ikaruhusiwa kwa ndita za katikati ya nyusi. Tangu hapo watu hulipia wachomwe, na baada ya miezi mitatu minne hurudi kulipa tena. Mwenye nyumba gani wa Kilosa amewahi kupata mpangaji kama huyo?

Wapo wanaokuja na mapaji yaliyonyooshwa hadi Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kumpiga picha tembo, mnyama aliyejaa mikunjo kutoka mkonga hadi mkia. Wanamwona mzuri ajabu. Wangeonyesha mshangao, ila nyusi hazipandi.

Kwetu ndita ni kitendea kazi. Bibi akizikunja, mjukuu huurudisha mkono kwenye kopo la sukari. Na mwenyekiti wa kijiji asiye nazo atawasuluhishaje mkulima na mfugaji?

Lakini sumu hiyohiyo, pamoja na mazoezi ya viungo, hulegeza miguu iliyokakamaa ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Ni ghali, na hutaka jokofu lisilokatikiwa umeme. Basi ninyi mnaopanga bajeti za dawa, ikipatikana, anzeni na miguu ya watoto hao. Mapaji ya uso yatasubiri.